Mbuzi Guniani: Juu ya Kurudisha Mchezo Mbovu

Mtu aliyetoa fedha zake kabla ya kuona anachokinunua, Waswahili humwambia kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Msemo huu ni wa zamani, na waliousema kwanza hawakuijua kompyuta. Lakini maana yake haijachakaa. Gunia la zamani lilifungwa kwa kamba, na mnunuzi mwenye akili aliweza kulipapasa kwa mkono, au kusikiliza mlio wa aliyemo ndani. Gunia la siku hizi hufungwa kwa picha za kupendeza, muziki na ahadi, wala hapana mkono uwezao kulipapasa. Bidhaa yenyewe haishikiki. Husafiri hewani na kukaa ndani ya mashine. Miongoni mwa bidhaa za namna hii, mchezo wa video ni mmoja wa zile zinunuliwazo kwa papara nyingi kuliko zote.

Swali lililopo ni hili: mtu akinunua mchezo wa video, akaufungua, akaukuta mbovu, aurudishe apewe fedha zake, au akae nao akitumaini kwamba siku moja utatengenezwa? Wako wasomi watakaolicheka swali hili na kusema kwamba ni la watoto, halistahili karatasi. Kicheko chao si hoja. Mkataba wa kuuza na kununua ni ule ule, iwe kinachouzwa ni jahazi au mchezo. Na desturi iachwayo ikomae katika jambo dogo ndiyo itawalayo katika jambo kubwa. Kamusi, vitabu na programu za kazi navyo siku hizi huuzwa kwa njia iyo hiyo ya gunia lililofungwa. Atakayefundishwa kunyamaza juu ya mchezo atanyamaza juu ya hivyo pia.

Mfano ulio mkubwa na ujulikanao sana ni ule wa mchezo uitwao Cyberpunk 2077, uliotungwa na kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw, nchini Poland. Mchezo huo ulitangazwa mwaka 2012. Katika mwaka 2020 siku ya kuutoa iliahirishwa mara tatu: kutoka Aprili hadi Septemba, kutoka Septemba hadi Novemba, na kutoka Novemba hadi Desemba 10. Watu wapatao milioni 8 walikuwa wamekwisha kuuagiza kabla haujatoka. Wahakiki waliopewa mchezo huo mapema walipewa ule wa kompyuta tu. Ule wa mashine za zamani, yaani PlayStation 4 na Xbox One, hawakuuona mpaka siku zile zile ambazo wanunuzi waliuona. Viongozi wa kampuni nao walikuwa wamewaambia wenye hisa kwamba katika mashine hizo mambo yanakwenda vizuri.

Siku ikafika na gunia likafunguliwa. Katika mashine za zamani magari yalizuka na kutoweka mbele ya macho. Watu wa mchezoni walisimama wametanua mikono kama vinyago. Sura zilikawia kujichora, zikawa kama udongo usiokwisha kufinyangwa. Na mara kwa mara mchezo ulijizima wenyewe katikati ya safari. Desemba 14 kampuni iliomba radhi, ikakiri kwamba ilipaswa kuuonyesha mchezo ulivyo katika mashine hizo kabla ya kuutoa, ikawaambia wasiotaka kungoja kwamba wanaweza kudai fedha zao. Baadhi ya waliokwenda kudai dukani walikataliwa. Desemba 17 Sony ilitangaza kuuondoa mchezo huo katika duka lake la mtandaoni na kuwarejeshea fedha wote walioununulia humo waliotaka. Haukurudi dukani humo mpaka Juni 21, 2021.

Hapo ndipo watu walipogawanyika makundi mawili. Kundi moja likarudisha. Kundi la pili likabaki na mchezo, na si hivyo tu, bali likaanza kuwalaumu waliorudisha na kuwaita watu wasio subira, wasio huruma, na wapendao makuu. Lawama hizo tatu hazikuishia mwaka 2020. Hurudi kila unapotoka mchezo mbovu, na kila zirudipo huvaa kanzu ya uadilifu. Zafaa kuvuliwa kanzu hiyo moja baada ya moja.

Lawama ya kwanza ni ya subira. Watetezi wake husema: tazama, mchezo ule ule uliolaaniwa mwaka 2020 ulitengenezwa; Septemba 2023 yakatolewa marekebisho makubwa, watu wakausifu, na aliyengoja amekula mbivu. Huongeza pia mfano wa No Man's Sky wa kampuni ya Kiingereza ya Hello Games, mchezo uliotoka Agosti 2016 ukiwa umepungukiwa na mengi yaliyotarajiwa, ukazidi kutengenezwa mwaka hata mwaka, mpaka Julai 2018 wachezaji wakaweza kucheza pamoja kama walivyotumaini tangu mwanzo. Mifano hii ni ya kweli, na hapana haja ya kuikana. Kinachokanwa ni hitimisho lake.

Kwanza, kungoja karibu miaka mitatu ili kupata kitu kilicholipiwa Desemba 2020 si subira ya mnunuzi; ni mkopo. Mnunuzi amemkopesha mwenye kuuza fedha bila riba, bila dhamana, na bila siku ya kulipwa. Aliyerudisha mchezo mwaka 2020 kisha akaununua mwaka 2023 alipata kitu bora kwa bei iliyokuwa imeshuka mara nyingi katika minada ya maduka; aliyeng'ang'ania tangu siku ya kwanza alilipa bei kubwa kuliko wote kwa kitu kibovu kuliko vyote. Ikiwa ujira wa uaminifu ni huu, basi uaminifu umekuwa mtego.

Pili, waliotengenezewa ni wachache wenye bahati, na mwenye kununua hana njia ya kujua siku ile kama atakuwa mmoja wao. Februari 2019 ulitoka mchezo uitwao Anthem wa kampuni ya BioWare. Nao ulikuwa na kasoro, na wanunuzi wake nao waliambiwa wangoje. Mwaka 2020 kampuni ilisema kwamba itausuka upya. Februari 2021 ikaiacha kazi hiyo. Na Januari 2026 seva zake zikazimwa, mchezo ukawa hauchezeki tena na mtu ye yote. Mwingine uitwao The Day Before ulitoka Desemba 7, 2023. Siku nne baadaye kampuni iliyoutunga ikatangaza kwamba inafunga milango. Aliyesubiri marekebisho ya mchezo huo aliyasubiri kwa nani? Subira huvuta heri, kweli. Lakini heri haivutwi kwa kamba ambayo ncha yake ya pili haina mshikaji.

Hapa ndipo neno lenyewe la kubaki na mchezo huonyesha walakini wake. Husemwa kwamba mtu achague kurudisha au kubaki nao, kana kwamba akibaki nao umekuwa mali yake. Si hivyo. Katika maduka mengi ya mtandaoni mnunuzi hauziwi mchezo. Huuziwa leseni, yaani ruhusa ya kuucheza maadamu mwenyewe angali anaruhusu. Jimbo la California huko Marekani liliona hadaa iliyomo katika neno kununua, likatunga sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, ya kuwalazimisha wauzaji kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Basi aliyeamua kubaki na Anthem hakubaki na kitu. Alibaki na ruhusa, na ruhusa ikafutwa. Kati ya fedha zilizorudi mkononi na ruhusa iliyo mkononi mwa mwingine, hapana shaka ipi ni mali.

Lawama ya pili ni ya huruma. Husemwa kwamba mchezo umefanywa na mamia ya vijana waliokesha, na kwamba kila arudishaye anawanyang'anya jasho lao. Hoja hii yagusa moyo, na kwa sababu hiyo yataka kupimwa kwa makini zaidi. Ni kweli kwamba watunzi wa Cyberpunk 2077 walikesha. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2020 walitakiwa kufanya kazi siku sita kwa juma, ingawa viongozi wao walikuwa wamesema mwaka uliotangulia kwamba watajizuia kuwashurutisha hivyo. Lakini nani aliyewakesha? Si mnunuzi aliyetaka kitu kizima. Aliyewakesha ni yule aliyepanga siku ya kutoa mchezo akijua kwamba haujawa tayari. Januari 2021 mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo alitokea hadharani akasema kwamba yeye na wakuu wenzake ndio walioamua kuutoa mchezo, na akaomba lawama zisiwaendee wafanyakazi. Ikiwa mkuu wa kampuni mwenyewe amekiri, mtetezi wake anakana kwa niaba ya nani?

Tena kununua kitu kibovu kwa ajili ya kumhurumia aliyekitengeneza ni kumdhulumu fundi huyo huyo. Maana mwenye mali akiona kwamba kitu kilichotolewa kabla ya wakati wake kimeuzika, na fedha hazikurudi, atajifunza jambo moja tu: kwamba miezi ya kusahihisha ni gharama isiyo na faida. Mwaka ujao atawakesha mafundi wale wale zaidi na kuwapa muda mfupi zaidi. Aliyerudisha ndiye aliyemwambia mwenye mali, kwa lugha anayoielewa, kwamba muda wa fundi una thamani. Huruma isiyofika hapo ni huruma kwa tajiri iliyojivika nguo za maskini.

Lawama ya tatu ndiyo ndogo, lakini ndiyo huwashinda wengi. Husemwa kwamba fedha zenyewe ni chache, na kwamba ni aibu mtu mzima kwenda kudai. Dola 60, bei ya Cyberpunk 2077 ilipotoka, ni chache kwa nani? Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyeweka akiba kwa miezi ili aununue hakuziona kuwa chache. Naye alilipa mara mbili: mara moja kwa mchezo, na mara ya pili kwa bando la intaneti la kuupakua, kwa kuwa mchezo huo ulitaka nafasi ya gigabaiti zipatazo 70. Duka likimrejeshea fedha zote za mchezo, fedha za bando haziji. Wala si yeye peke yake. Katika miji ya Afrika Mashariki wako wenye vibanda vya michezo, ambao hununua mchezo mmoja na kuwatoza vijana ada ndogo kwa kila zamu ya kucheza. Kwa mtu kama huyo mchezo unaojizima ni sawa na baiskeli ya kukodisha iliyopasuka gurudumu. Amwambiaye kwamba ni aibu kudai hajapata kuishi kwa kibanda.

Na neno aibu lenyewe lina historia ipasayo kukumbukwa na wanafunzi wa lugha. Kiswahili kililitwaa kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu cha sheria maana yake ni kasoro: ila iliyo katika bidhaa. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, waliweka hiari iitwayo kwa neno hilo hilo. Mnunuzi akigundua katika kitu kasoro ipunguzayo thamani, iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, na ambayo hakuijua aliponunua, anayo hiari ya kukirudisha na kutwaa fedha zake. Katika safari yake ya kuingia Kiswahilini neno likahama kutoka katika kitu na kumwingia mtu, likawa fedheha. Lakini asili yake yaonyesha mahali pake. Aibu imo katika bidhaa. Haimo kwa mtu airudishaye.

Wanachuoni hao waliweka pia masharti mawili, nayo ni ya hekima. La kwanza, mnunuzi asikawie: akijua kasoro na akakaa kimya bila udhuru, hiari yake hupotea. La pili, asiendelee kukitumia kitu baada ya kuijua kasoro yake, kwa maana kuendelea kukitumia ni dalili ya kuridhika. Masharti haya yalifikiriwa kwa wanyama, nguo na vyombo, lakini yamewiana kwa ajabu na kanuni iliyowekwa mwaka 2015 na Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve ya Marekani. Kwa kanuni hiyo mnunuzi aweza kurudisha mchezo kwa sababu yo yote, akiomba ndani ya siku 14 tangu kuununua na akiwa hajaucheza kufikia saa mbili. Wanasheria wa zamani na wafanyabiashara wa sasa, ambao hawakupata kukaa jamvi moja, wamekubaliana kwamba haki ya kurudisha ni ya mtu wa haraka. Basi shauri la kungoja na kuona, ambalo watetezi wa subira hulitoa kwa upole, ndilo shauri limvushalo mnunuzi mpaka wa haki yake. Akiisha kungoja mwezi mmoja hana tena la kuchagua.

Wala isidhaniwe kwamba kanuni hizo ni hisani ya wauzaji. Mwaka 2014 tume ya ushindani na walaji ya Australia iliishtaki kampuni ya Valve kwa kuwaambia wanunuzi kwamba hawana haki ya kurejeshewa fedha. Mahakama iliikuta kampuni na hatia, na Desemba 2016 ikaitoza dola milioni 3 za nchi hiyo. Juni 2020 tawi la Ulaya la Sony lilitozwa huko huko dola milioni 3.5, kwa sababu liliwaambia wanunuzi kwamba mchezo uliokwisha kupakuliwa, au uliopitisha siku 14, haurudishiwi fedha. Yaani mbuzi hurudishwa ikiwa tu gunia halijafunguliwa! Uingereza nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2015, imeamuru kwamba bidhaa za kidijitali ziwe za ubora wa kuridhisha, zifae kwa kazi yake, na zilingane na sifa zilizotangazwa.

Mpinzani aweza kusema kwamba sheria hiyo ya Uingereza humtaka muuzaji kwanza atengeneze kabla ya kurejesha fedha, na kwamba hiyo ni hoja ya kungoja. Ni kweli kwamba hutaka hivyo. Lakini hutaka pia kwamba matengenezo yafanywe katika muda wa kiasi na bila kumsumbua sana mnunuzi. Hakimu gani atakayeiita miaka mitatu muda wa kiasi? Fundi cherehani aliyekosea kanzu ya Idi hupewa nafasi ya kuirekebisha, lakini nafasi hiyo haivuki Idi.

Hata hivyo, insafu ni ya pande mbili, na hoja itakuwa chongo isipomtazama mnunuzi naye. Wako watu wachezao mchezo mfupi mpaka mwisho wake ndani ya saa mbili, wakafurahi nao, kisha wakaurudisha. Kazi nyingi fupi za namna hiyo ni za watunzi wadogo wasio na mtaji, na mtu afanyaye hivyo ni sawa na mlaji amalizaye sahani nzima kisha akalalamika kwamba ilikuwa na nywele. Sheria ya duka humruhusu, murua haimruhusu. Tena iko tofauti kati ya mchezo mbovu na mchezo usiopendeza. Mchezo ulio mzima, uliotangazwa kama ulivyo, na ambao mnunuzi ameuchoka tu kwa sababu hadithi yake haikumgusa, hauna kasoro. Hapo duka likimpa nafasi ya kurudisha, amepewa upole, hakupewa haki. Lakini mchezo usiofanya kile ulichosemwa kwamba utafanya ni mbovu, hata kama picha zake zavutia na muziki wake watuliza moyo. Kipimo ni ahadi iliyotolewa siku ya kuuza. Mapenzi ya mnunuzi si kipimo, wala ndoto za mtunzi juu ya mwaka ujao.

Lawama nyingine ya haki kwa mnunuzi ni papara. Wale milioni 8 walioagiza Cyberpunk 2077 kabla ya kuiona walikwisha kumwambia muuzaji kwamba yeye hana haja ya kuwaonyesha cho chote. Mchezo usioshikika hauishi dukani. Hapana siku utakapouzwa wote ukawakosa waliochelewa. Hakuna basi faida ya kuwahi gunia, ila fahari ya kuwa wa kwanza kulifungua. Mnunuzi angojaye siku chache, akawasikiliza waliotumia mashine kama yake, hahitaji kumdai mtu. Subira ina mahali pake, na mahali pake ni kabla ya kulipa. Watetezi wa makampuni wameihamishia baada ya kulipa, huko ambako humfaa muuzaji peke yake.

Yafaa pia kumpa sifa yake atendaye vyema. Agosti 23, 2024 Sony ilitoa mchezo uitwao Concord. Wanunuzi walikuwa wachache mno, na Septemba 6 mchezo ukaondolewa, nao wakarejeshewa fedha zao. Kampuni haikuwaambia wasubiri, wala haikuwahesabia saa walizocheza. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ilikaa kwa mwenye biashara, ambaye ndiye angalitwaa faida kama ingalipatikana. Hiyo ndiyo mizani ya biashara tangu wanadamu walipoanza kubadilishana vitu: mwenye faida ndiye mwenye hasara. Mchezo mbovu unaouzwa kwa bei kamili, kisha mnunuzi akaambiwa avumilie, waigeuza mizani hiyo; faida hukaa kwa muuzaji, na hasara huhamia kwa kijana mwenye bando.

Kwa hiyo jibu la swali si gumu kama lifanywavyo. Mchezo ukiwa mbovu, urudishwe, na urudishwe mapema, kabla siku hazijahesabiwa na saa hazijapita. Ukija ukatengenezwa, dukani utakuwapo, na aliyeurudisha atakuwa na fedha za kuununulia tena akitaka. Asiyerudisha kwa sababu ameupenda hivyo hivyo na ila zake, huyo ameridhika, na aridhikaye hana mdai. Ila asiwafundishe wengine kwamba kudai haki ni utovu wa adabu. Mbuzi akitolewa guniani akaonekana kilema, mwenye mbuzi anamjua njia ya kumrudisha zizini. Kazi ya mnunuzi ni kumfikishia mbuzi wake na kungoja fedha zake mlangoni.